Desmos: kwa anayehangaika na grafu za kwadratiki zinakata wapi

Hii Desmos, app ya kuchora grafu, nimeitumia kama mwezi sasa na mdogo wangu wa fomu three, naandika kwa ajili ya wazazi na walimu wa tuisheni maana kwetu imesaidia kweli kweli. Ni ya bure, unashusha kwenye simu, na ukishashusha inafunguka hata kama bando limekata.

Dogo shida yake haikuwa kufakta. Mpe y = x² − 6x + 5 anakutolea vizuri tu x ni 1 au 5, ila muulize hizo 1 na 5 ziko wapi kwenye grafu, anabaki kukuangalia. Basi nikaiandika, grafu ikatokea, ukiigusa kwa kidole vinakuja vidoti vya kijivu na ukigusa kidoti kinakupa namba zake, (1, 0), kingine (5, 0), na kwenye mhimili wa y (0, 5). Akasema "kumbe y inakuwa sifuri pale!", hapo ndo nikajua siku zote alikuwa anakariri.

Sasa utamu wenyewe ni slaida, kile kimstari unachovuta kwa kidole namba inabadilika. Toa ile 5 weka c, yenyewe inakuuliza kama unataka slaida, kubali, alafu vuta c iongezeke taratibu. Grafu inapanda na vile vidoti viwili vya mhimili wa x vinasogeleana, vinasogeleana, c ikifika 9 vinakuwa kimoja tu pale kwenye 3, weka 10 grafu imeshaning'inia juu haigusi tena. Nikamwambia haya piga b² − 4ac kwenye karatasi, ile ya ndani ya mzizi kwenye fomula ya kwadratiki (hapa a ni 1, b ni −6), ya 9 ikatoka 0, yaani inagusa mara moja tu, ya 10 ikatoka −4, hasi, yaani haigusi, dogo akarudia kuvuta kile kislaida kama mara sita hivi. Mimi hiyo fomula nimeisoma ubaoni tu na sikuwahi kuiona ikitembea. Na mhimili wa y grafu haiachi kuukata, x ikiwa 0 inabaki c peke yake.

Angalizo moja tu, ukiweka x² − 2x − 1 inakupa 2.414 na −0.414, wakati kwenye daftari jibu ni 1 ± √2, na simu haiingii chumba cha mtihani, kwa hiyo sisi tunakokotoa kwa mkono kwanza ndo tunafungua kuhakiki.

Nyota 5 bila kusita. Ukitafuta pa kuandikia kipeo, kwenye kibodi yake kuna kitufe cha a².