Wijeti za kushea na kuingiza hela: nyota mbili, na hizo mbili nimewaonea huruma

Mie nina tovuti ya mapishi ya kwetu, boko boko, visheti, mkate wa kumimina, na urojo ambao kila mtaa unadai wao ndo wanaoujua. Nafanyia kazi na simu hapa Michenzani, Zanzibar, kwahiyo haya ni ya mtu anaetumia, si ya wale wanaouza kozi za kutajirika mtandaoni.

Jina la kampuni ya hizi wijeti, yaani vile vipande unavyopachika kwenye tovuti, silitaji maana ugomvi wetu bado haujesha. Ni kifurushi, unalipia kila mwezi kwa dola, unapewa kodi (msimbo wa kompyuta, si ya serikali) unakopi unapesti, basi tovuti inapata vitufe vya kushea pembeni, kisanduku cha picha zako za Instagram na sehemu ya kukusanya namba za watu. Kuweka ni rahisi, hapo nawapa haki yao, hata kama kodi huijui kabisa unamaliza chai haijapoa.

Balaa liko kwenye simu. Vitufe vimejipanga wima upande wa kushoto, Facebook, X, Pinterest, LinkedIn (nani anashea boko boko LinkedIn yakhe?) na kwenye kioo kidogo vinakaa juu ya vipimo vyenyewe. Pale nilipoandika unga vikombe viwili, msomaji anaona vikombe viwili, vya nini haijulikani, hiliki ndo imefunikwa kabisa, watu wananipigia simu wako jikoni mikono ina unga wanauliza hiliki kiasi gani. Nikawaandikia kampuni, jibu lao eti nipande kifurushi cha juu ndo nitaweza kuvisogeza. Yaani nilipe zaidi ili kitufe kihame!

Na kile kisanduku cha picha nacho, Desemba 2024 Instagram walifunga ile njia ya zamani ya kuunganisha akaunti za kawaida na wijeti za nje, sasa lazima akaunti iwe ya biashara au ya kreeta, yaani mtengeneza maudhui. Sawa, hilo si kosa la kampuni, lakini hata ujumbe mmoja hawakutuma, kisanduku kimebaki cheupe na hela ya mwezi wamekata kama kawaida. Na usinambie nitumie za bure, vitufe vya kushea vya AddThis vilikua bure na vilijaa kila tovuti, kampuni ya Oracle wakaifunga tarehe 31 Mei 2023 vitufe vya watu vikapotea vyote.

Sasa hela, maana hapo ndo wanapopapigia debe. Matangazo ya AdSense ya Google hulipwi mpaka ufikishe dola 100, kwa tovuti ndogo ya Kiswahili utangoja sana. YouTube mgao ni mzuri, asilimia 55 ya matangazo ya video ndefu ni yako, ila kwanza uwe na sabskraiba 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au viu milioni 10 za Shorts ndani ya siku 90. Kwa video za visheti? Haya.

Ile wijeti ya GetYourGuide ya kuuza ziara wanatoa asilimia 8, ziara ya dola 30 unapata dola 2 na senti 40. Si mbaya, lakini mtu wa Chake Chake, Pemba, aliekuja kusoma boko boko hatonunua ziara ya viungo, karafuu zimeanikwa uani kwake! Nimeiacha kwenye ukurasa wa Kiingereza tu, ule wa misosi ya Forodhani, huko kwa wageni angalau inasogea.

Kinacholipa kweli ni linki ya wa.me, ya WhatsApp wenyewe, bure, haina kodi ya kupesti wala kifurushi. Nimeiweka chini ya kila pishi na maneno yashaandikwa tayari, "Asalam alekum nataka visheti", mteja anabonyeza tu anatuma, tunapatana bei, anarusha kwa simu, boda anapeleka. Ramadhani oda zinakuja mpaka nazima data. Na hata kushea, watu hawabonyezi vile vitufe vya pembeni, wanakopi linki wanaitupa kwenye gurupu la familia, shangazi anaipeleka gurupu la madrasa, ishafika Wete hiyo.

Kasoro ya WhatsApp moja, ukituma kwa broadkasti, yaani ujumbe mmoja kwa watu wengi, inamfikia alieisevu namba yako tu, na orodha moja mwisho watu 256. Kwahiyo kila anaeagiza mwambie aisevu kabla hujampa mzigo. Na namba kwenye linki anza na 255, usiweke ile sifuri ya mwanzo wala alama ya kujumlisha, ukiweka linki inaweza kugoma.