Akropoli ya Athens: pandeni asubuhi jamani

Aisee msipande Akropoli, kile kilima chenye mahekalu ya kale ya Wagiriki, saa sita mchana kama mimi, jua linachoma balaa alafu yale marumaru yamekanyagwa mpaka yanateleza kama sabuni, mi na sandozi zangu nilishuka nimemshika mkono mzungu nisiyemjua 😂 Na yule wa kututembeza tulimlipa kabisa mapema, kaja kachelewa, hata pole hakuna. Parthenon yenyewe, lile hekalu kuu la huko juu (lilijengwa 447 hadi 432 KK), ni kubwa kweli, ila siku hiyo mafundi walikuwa kazini so picha zangu nusu ni mavyuma.

Sasa makumbusho ya pale chini, iliyofunguliwa 2009, hapo ndo nikaona hela yangu haijapotea. Unatembea juu ya kioo unaona misingi ya nyumba za kale chini ya miguu yako. Alafu wale wanawake wa mawe waliobeba paa la Erechtheion, hekalu lingine la kule juu, humo wako watano, wa sita yuko London, nafasi yake wameiacha wazi tu yani inauma. Zunguka nyuma yao uangalie misuko, minene, imechongwa mpaka mpishano wa nywele unauona, msusi yeyote atasimama pale nusu saa.