Chuo cha Perugia, kwa aliyejifunzia Kiitaliano Malindi

Kwetu Malindi, Kiitaliano tunakiokota ufukweni na hotelini, kwa hiyo nilifika Università per Stranieri di Perugia, chuo kikuu cha wageni huko Italia, kifua mbele. Chuo hiki kinafundisha wageni tangu 1921, na kumnyoosha mtu kama mimi wanajua. Bei ya kamba wa baharini naitaja kwa Kiitaliano bila kuguna. Mwalimu akitaka nieleze ningefanya nini kama ningezaliwa Firenze, jasho linanitoka.

Mitihani mingi ni ya mdomo, na hapo ndipo penye utamu. Unakaa uso kwa uso na profesa, wenzako wamejipanga nyuma wanasikiliza. Anatupa swali moja la Dante, yule mshairi wa kale wa Italia, kisha kimya, uongee wewe. Alama ni kati ya 30, ukipata 18 umepita, na usipoiridhia unaruhusiwa kuikataa ukarudi siku nyingine. Nilikataa 21. Mama alipopigiwa simu alidhani nimechanganyikiwa.

Jengo la Palazzo Gallenga linatazamana na lango la Waetruski, watu waliokaa huku kabla ya Warumi, mawe makubwa yaliyopangana bila chokaa. Mji wenyewe ni vilima tupu, magoti yajiandae. Nyumba tafuta mapema. Mwenye nyumba wangu wa kwanza alikula amana yangu mchana kweupe. Ukifika, siku 8 za kazi usizichezee: nenda posta ukaombe kibali cha ukaazi.

Nyota nne. Ya tano nitaitoa baridi ya Januari ikipungua.