Mimea ya oksijeni kwa kidimbwi cha maji ya chumvi: nunua ipi, wacha ipi

Kabla utoe pesa mfukoni enda jikoni uangalie birika. Kama ndani kuna ukoko mweupe umeshika na haubanduki, na siku ya kufua sabuni inakataa kutoa povu mpaka unamaliza kipande kizima kwa shuka mbili, maji yako ni magumu. Huku Utawala, Nairobi, tunayaita tu maji ya chumvi lakini chumvi si moja bana, kuna borehole zingine maji yana ladha ya magadi na povu linatoka sawa tu, hayo yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo. Kwa mimea tofauti si kubwa vile, juu yote mawili kwa kawaida yana bikaboneti nyingi na pH (kipimo cha asidi, ikiwa juu asidi ni kidogo) iko juu.

Na hapo ndio kila kitu kinaamuliwa. Mmea unaokaa chini ya maji unataka kaboni dayoksaidi ndio utoe oksijeni, sasa pH ikipanda ile gesi inageuka bikaboneti na inabaki kidogo sana. Kuna mimea inajua kula hiyo bikaboneti, kuna ile haijui. Ile haijui inakaa na njaa mpaka inaoza, na ikioza inamaliza hata ile oksijeni kidogo samaki walikuwa nayo. Usiseme ati Nairobi kuna baridi so maji yana oksijeni ya kutosha. Tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, maji ya nyuzi 20 ambayo yakiwa usawa wa bahari yangebeba miligramu 9 kwa lita huku yanabeba 7 na kitu.

Namba moja kwangu ni honwoti, na sioni ikishindwa hivi karibuni. Jina la kitaalamu ni Ceratophyllum demersum, liandike kwa simu umwonyeshe muuzaji juu kila mtu ana jina lake. Inafanana na mkia wa paka ameshtuka. Haina mizizi, chakula chote inanyonya kwa maji, kwa hivyo inaunyima mwani, ule utelezi wa kijani, chakula pia. Si mgeni hapa, hata Naivasha inamea yenyewe. Kwa maji magumu inakuwa ngumu ngumu hivi, ukiipapasa inakwaruza, na hiyo ndio afya yake. Wiki ya kwanza itapukutisha vijani mpaka utadhani umeibiwa, yangu ilijaza chini ya kidimbwi kama chai imemwagwa, nikawa tayari nimeanza kuitoa na karai, halafu nikaona ncha za kijani mbichi zimeanza kuchomoza. Ngoja tu. Ifunge na uzi kwa jiwe ama uiache ielee, haijali.

Ya pili ni valisineria, majani marefu kama utepe. Hii ina mizizi, panda kwa changarawe. Mimi nilitumia ule wavu wa vitunguu nikajaza changarawe, kazi safi, ila nikafukia mpaka ile shingo majani yanatokea, na ikaoza yote. Shingo ibaki juu, mizizi pekee ndio inaingia. Ikishika inatuma vitoto kila upande. Ukiwa na goldfishi wanaopenda kutafuna hii inavumilia kuliko zingine, lakini kama ni koi wakubwa ama tilapia, wacha nikwambie ukweli, hakuna mmea utabaki bila kuwekewa wavu.

Elodia naiweka ya tatu. Ile inauzwa sana ni Egeria densa ya kutoka Amerika Kusini, inakula bikaboneti vizuri sana na jua likiwaka majani yanapata vumbi jeupe, hiyo ni chokaa, si ugonjwa. Nimeishusha nafasi kwa sababu inakatika ovyo na goldfishi wanaiona kama sukuma. Ukiipunguza, mabaki yapeleke kwa mboji, usitupe kwa mtaro hata siku moja, kipande kidogo tu kinaanza maisha mapya mtoni.

Miriofilamu ni sawa tu, lakini mwani unanasa kwa vile vijani vyake, na uhakikishe ni Myriophyllum spicatum, juu kuna ndugu yake anainua kichwa nje ya maji na oksijeni yake inaenda hewani. Potamogeti ingekuwa juu kabisa kwa uvumilivu wa chumvi, shida ni hakuna mtu nimeona anaiuza. Ukipewa na mtu, chukua.

Ya mwisho kabisa, kabomba. Ni mrembo sana, kama majani ya shamari, na nimeinunua mara mbili kwa ujinga wangu mwenyewe. Inataka maji laini. Wiki ya tatu nilibaki na vijiti vitupu.

Halafu kuna jamaa wa kando ya barabara na gugu maji lenye maua ya zambarau, anakwambia “Boss, hii ni oksijeni tupu.” Majani yako juu ya maji, oksijeni inaenda kwa hewa, chini ni giza. Pita Nairobi Dam, bwawa lililofunikwa na hilo gugu, uone hiyo oksijeni tupu ilifanya nini.

Ukienda kununua vunja kijiti kimoja, kikiwa teketeke na kinanuka wacha. Uliza pia wanatumia maji gani, kwa sababu maji ya mfereji ya kanjo yanayotoka bwawa la Ndakaini ni laini, ukiutoa mmea huko ukautupa moja kwa moja kwa borehole unashtuka, changanya kidogo kidogo siku kadhaa. Toa kile kichuma wamefungia. Mita moja ya mraba inatosha vifungu 4 ama 5. Kila kitu kikae kwa beseni wiki moja kwanza, ukwangue mayai ya konokono, yale kama jeli. Na usiende kuvuna mtoni, konokono wengine ndio wanabeba kichocho. Kama kidimbwi ni cha simiti mpya, jaza na umwage mara kadhaa kwanza, simiti inapandisha pH zaidi.

Kitu kimoja muuzaji hatakwambia, usiku hii mimea yote inapumua kama sisi, inakula oksijeni. Mimi nilijaza mpaka maji hayaonekani, saa kumi na moja alfajiri nikapata samaki wote juu, midomo wazi. Sasa naacha nusu ya maji wazi. Na kama una kapampu na tokeni za stima zinakuuma, mchana izime, iwashe usiku.