Pafu pestri ya paketi: joto la Mombasa lilinikomesha mara ya kwanza

Mie si mtu wa oveni jamani, nimelelewa na mahamri na kaimati, oveni kwetu ni kabati ya masufuria. Sasa wifi yangu akaja siku moja na vijitu vimekunjwa kama masikio, vikavu, vitamu, ukitia mdomoni vinavunjika, kumuuliza akanambia wala hakukanda unga, kanunua pafu pestri ya friza, ule unga wa tabaka tabaka uliokandwa tayari, supamaketi huko Nyali akaitia sukari akaikunja basi. Nkasema hata mie.

Nlinunua paketi ya nusu kilo, shilingi 450, ya siagi. Nyuma imeandikwa iwache nje masaa mawili iyeyuke. Masaa mawili! Huyo alieandika hajakaa Majengo mwezi wa pili feni ikipuliza moto. Dakika arubaini tu nkaja kuikunjua, siagi ishaanza kutoka jasho, imeganda kwa kibao cha chapati haibanduki, nkaongeza unga mkavu ndio ikazidi kunikasirisha, nkaisukuma oveni hivo hivo. Chini mafuta yanaogelea, juu haikufura hata kidole. Watoto walikula, lakini hawa wangu hula hata ukoko.

Wifi alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe haina hamira wala bekingi poda, ni unga na siagi zimepangwa tabaka tabaka, ikiingia kwenye moto yale maji yaliyo ndani yanageuka mvuke ndio yanazisukuma juu, sasa siagi ikiyeyuka kabla inanyweka kwenye unga na tabaka zinashikana.

Ya pili nliitoa friza nkaiweka friji usiku kucha, nkaifanya baada ya swala ya alfajiri jua halijachoma. Sukari, mdalasini na iliki kidogo, nkakunja kutoka pande zote mbili zikutane katikati, nkairudisha friza robo saa, nkakata vipande upana wa kidole kwa kisu kikali hasa. Oveni digrii 200 na iwe ishashika moto, dakika kumi nkavigeuza, tano tena. Yaani vilifunguka wenyewe, sukari chini imekuwa kama gubiti!

Nusu nyengine nkatia nazi ya kashata ndani nkapaka yai juu, hapo nlikosea, yai likateremka ubavuni likagandisha tabaka, vikafura upande mmoja vikaegemea kama dau limepwelewa. Utamu lakini upo.

Nishajaribu pia ile ya rahisi ya mafuta ya mimea. Haina haraka ya kuyeyuka, kwa joto letu anaeanza ataiona nafuu, na inafura vizuri tu, ila ukishameza kuna mafuta yanabaki kwenye kaakaa mpaka unywe chai ya moto. Mie narudi kwa ya siagi, nachukua mwisho kabisa nikienda kulipa, na mfuko wa barafu nimekuja nao kutoka nyumbani, kwa sababu tuktuk ikikwama kwenye jam ya Nyali bridge ushaipoteza.

Jengine, kesho yake vinalainika na huu unyevu wetu, virudishe oveni dakika tano vitakauka. Vyangu vilibaki vinne, na hivo nlivificha nyuma ya ndoo ya mchele.