Stimpanki Mombasa: ununue nini kwanza, na nini ukiache dukani

Sisi wa Mombasa hatuna haja ya kuoneshwa mvuke na mtu. Reli ya Uganda ilianza kujengwa hapa 1896, ikafika ziwani, kule Kisumu, 1901, na dude lililopita juu yake tukaliita gari la moshi, jina ambalo lingeutosha kabisa huu mtindo unaoitwa stimpanki. Neno lenyewe si la kale. Mwandishi wa Marekani K. W. Jeter alilitoa 1987, nusu kwa mzaha, kuziita hadithi zake na za wenzake zilizotungwa katika dunia ya Malkia Victoria wa Uingereza, karne ya 19. Kutoka vitabuni likahamia mwilini: vizibao, kofia ndefu, miwani ya fundi, saa za mkufu, magurudumu ya meno ya shaba, kana kwamba petroli na umeme havikuwahi kuushinda mvuke.

Nimeupanga mwongozo huu kwa swali moja: kitu hiki chafanya kazi kweli, au kimepakwa rangi tu kifanane na kinachofanya kazi? Hewa ya chumvi ya hapa hukujibu yenyewe baada ya miezi michache, lakini pesa zako huwa zimeshakwenda.

1. Saa ya mfukoni ya kutia ufunguo

Ukiwa na pesa za kitu kimoja tu, ni hiki. Zile za betri ziache. Utazijua kwa mshale wa sekunde, unaruka mara moja kwa sekunde na kutulia. Zipo mpya za kutia ufunguo, zilizoachwa wazi nyuma matumbo yakaonekana. Hizo si mbaya kwa anayeanza. Lakini kongwe ndizo zenyewe.

Yangu niliipata kwa mzee mmoja mwenye meza ya saa Mji wa Kale. Aliufungua mfuniko wa nyuma kwa ncha ya kisu, akanipa ile lenzi yake ya jichoni, akaninyoshea kidole kwenye vito vyekundu, vidogo kama punje za ulezi, ambavyo ekseli za magurudumu huzunguka ndani yake. "Hii haitaki betri, mwanangu. Yataka mkono wako kila asubuhi, saa ile ile." Nikamuuliza bei yake ya mwisho. Akacheka, akaufunga mfuniko, tukaanza upya.

Kabla hujalipa, izungushe ufunguo mara chache tu, uiweke sikioni. Saa kongwe nyingi hupiga mara tano kwa sekunde, mlio mwepesi wa harakaharaka. Ilaze chali usikilize, kisha kifudifudi, kisha isimamishe wima. Ikikatika au mlio ukageuka sana pale ulipoigeuza, huenda ekseli ya lile gurudumu dogo linaloyumba huku na huku imeumia, na kumpata fundi wa kuichonga nyingine ni kazi.

Mkufu upime kwa sumaku. Mimi hutembea na kipande nilichokitoa kwenye spika mbovu. Shaba haishikwi na sumaku. Mkufu ukirukia, ujue ni chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu. Ila uvue kwanza kwenye saa! Sumaku ikikaribia ule utepe mwembamba wa springi ulio ndani, saa inaanza kukimbia kama imefukuzwa. Sumaku hiyohiyo nenda nayo kwenye maduka ya vinyago na vitu vya kale ya Ndia Kuu. Utashangaa ni vingapi "vya shaba" vitakavyoidaka.

2. Kizibao

Hapa tumewatangulia wengi. Kizibao juu ya kanzu na bakora mkononi ni vazi la wazee wetu, na anayekwenda kutafuta kofia ndefu ya London wakati kofia ya vito iliyoshonwa kwa mkono iko kabatini kwa babake, mimi simwelewi.

Kongowea, mapema, marobota yanapofunguliwa, utapata vizibao vya suti za mitumba. Kigeuze kwanza. Mgongo wa satini usiwe umechanika kwapani, na ule mkanda wa kukazia kiunoni uwe na kikuku chake. Sufu usiiguse; chukua pamba au kitani. Changu nilikinunua shilingi 200, nikampa fundi cherehani 300 akakipunguza na kukitia bitana ya leso kuukuu. Mkufu ukivuta nguo pembeni, lile ua la leso lachungulia.

3. Miwani

Usinunue zile za plastiki zenye miiba. Nenda duka la vifaa vya ujenzi uulize miwani ya kuchomelea kwa gesi, yenye vioo vya mviringo. Kipenyo huwa milimita 50, na pete yake hufunguka kwa mkono, kwa hiyo kioo cheusi unakitoa na kutia cheupe. Wacha kuvaa vile vyeusi ukipanda ngazi za nyumba za zamani. Nilikosa daraja moja nikashuka tatu. Mkanda wa mpira mpe fundi viatu akubadilishie kwa ngozi. Ukitaka kuona mkono wa Mkenya unafika wapi, tazama miwani ambayo Cyrus Kabiru wa Nairobi huiunda kwa vyuma na takataka.

4. Ngozi ndogondogo

Mkanda na pochi ya saa. Bombolulu, ambako mafundi wenye ulemavu wamekuwa wakifanya kazi tangu 1969, ni pa kuanzia. Ipake mafuta kabla ya masika, la sivyo utaikuta na koga.

5. Vya kujitengenezea

Mafundi wa friji na viyoyozi hubakiza vipande vya paipu ya shaba. Taa ya mezani yatoka humo, na ikififia, ukwaju na chumvi vyairudisha. Dai risiti. Tangu serikali ilipoisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa 2022 kwa sababu ya wizi wa nyaya, hutaki kukamatwa na shaba usiyoweza kueleza ilikotoka.

Mwisho kabisa: koti refu la ngozi

Nililiagiza mtandaoni, pamoja na pakiti ya magurudumu ya kubandika. Magurudumu yalikuwa plastiki, yakabanduka kwa jasho siku ya kwanza. Koti nililivaa mara moja, kutoka kituo cha matatu hadi kivukoni Likoni, nikalivua kabla feri haijafunga nanga. Masika ya mwaka ule likaota koga mgongoni. Mwaka jana nilimpelekea fundi akaukata mfuko wa ndani, ndio ninaotilia saa ya yule mzee.