Pikipiki yangu ya mtumba: betri, siki ndani ya tangi na waya wa ethi uliozikwa chini ya rangi

"Ni betri tu hiyo, ukiweka mpya inawaka." Aliyewahi kununua pikipiki iliyotumika anaijua sentensi hii. Yangu ni ya sisi (cc) 150, ina kabureta, kiki na stata ya kubonyeza, na ilikuwa imesimama muda mrefu hata mwenyewe hakumbuki iliwaka lini mara ya mwisho. Tangi lina bonde la ukubwa wa kiganja, kava la ubavuni limepasuka, kromu ya bomba la moshi imeshika kutu. Nilipiga kiki mpaka goti likauma. Ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Nikaichukua hivyo hivyo kwa sababu kiki ilikuwa inakaza vizuri mguuni, dalili kwamba mgandamizo wa hewa ndani ya injini upo. Mengine nilijiambia ni usafi tu.

Betri niliipima kwa multimita: volti 10.5. Betri ya volti 12 ina seli sita, kila moja hutoa volti mbili na ushei, kwa hiyo namba kama hiyo inakuambia seli moja imekufa. Niliichaji usiku kucha kwa ubishi wangu, asubuhi ikawa palepale. Niliyonunua ilisoma 12.7, stata ikazunguka kwa nguvu, na injini haikuwaka. Muuzaji alikuwa amesema nusu ya ukweli.

Nikafungua plagi baada ya kuzungusha stata mara kadhaa. Kavu kabisa. Nikaigusisha kwenye chuma cha injini, mbali na tundu lake, nikazungusha tena: cheche ya buluu, safi. Basi moto upo, mafuta ndiyo hayafiki. Na ukivuta choki, ile inayobana hewa ili petroli izidi, inakohoa, ukiirudisha inazima. Tabia hiyo mara nyingi ni ya jeti ndogo ya kabureta, kitundu cha kupitishia petroli ya mwendo wa sailensa (injini ikiunguruma bila kukaza mafuta), kuziba.

Hapa nilipoteza siku kwa uvivu. Nilinunua dawa ya kopo ya kusafishia kabureta, nikaipuliza kupitia mdomo wa hewa bila kufungua kitu, kama maelezo ya kopo yanavyodai. Haikusaidia chochote. Nilipolivua bakuli la chini ya kabureta nikaelewa kwa nini: petroli ilikuwa na rangi ya chai ya rangi, inanuka kama vanishi ya zamani, na chini imetulia tope jekundu. Dawa ileile, kabureta ikiwa imefunguliwa na jeti ziko mkononi, ilifanya kazi nzuri sana. Kwa hiyo dawa siilaumu, nalaumu ahadi iliyoandikwa kwenye kopo. Fundi mmoja aliyepita alitaka kuzibua jeti kwa kipande cha waya, nikamzuia. Jeti ni ya shaba nyeupe, laini, na tundu la ile ndogo halifiki nusu milimita. Ukilikwaruza linapanuka, halafu unaanza kutafuta ugonjwa mwingine. Nilitumia unywele wa brashi ya nailoni na upepo wa kompresa.

Ikawaka! Nikazunguka nayo siku tatu nikijiona fundi. Siku ya nne, kimya. Nikafungua bakuli: tope jekundu limerudi.

Kumbe wakati wote nilikuwa nalitazama tangi kwa nje. Nilishanunua puti, msasa na rangi kwa ajili ya lile bonde, wakati ndani limeliwa na kutu na kila siku linashusha unga kwenye kabureta. Nilipomsimulia fundi mzee ninayemwamini, aliniuliza kitu kimoja tu: "Rangi umeshapaka?" Nikasema bado. "Una bahati. Anza na ndani, maana siki ikimwagikia rangi mpya utalia."

Siki nyeupe ya kawaida ndiyo kitu cha thamani kuliko vyote nilivyonunua katika kazi hii. Nilitoa koki ya mafuta, nikaziba tundu lake, nikatia ndani konzi ya nati kuukuu, nikatikisa mpaka mikono ikachoka, nikamwaga unga wote. Kisha nikajaza siki hadi juu, siku mbili. Ilitoka nyeusi. Nikasuuza kwa maji yenye bikaboneti ya soda ili kuua asidi, nikakausha papo hapo kwa mashine ya kukaushia nywele. Msizembee hapa: chuma kilichotoka kwenye siki huanza kuwa cha machungwa tena mbele ya macho yako. Likishakauka nikazungusha oili kidogo ndani, na kwenye bomba la mafuta nikaweka chujio dogo la kupenya nuru, nione kama kuna kinachoshuka. Hakijashuka kitu.

Sasa ndipo nikaja kwenye urembo. Bonde nililijaza puti kwa tabaka nyembamba, maana ikiwa nene hupasuka, nikasawazisha kwa msasa namba 180, kisha 400, praima, msasa wa maji namba 800, halafu rangi. Kiraka peke yake kilikataa kufanana na rangi ya zamani iliyopauka kwa jua, nikaishia kupaka tangi zima. Juu nikapuliza klia (vanishi isiyo na rangi) ya kopo ya kawaida. Ilipendeza! Iliishi mpaka mara ya kwanza kujaza mafuta: tone moja la petroli liliteremka ubavuni, na kila lilipopita klia ikajikunja kama ngozi ya maziwa. Nikakwangua, nikaanza upya kwa klia ya sehemu mbili, ile yenye kigumishi, na hiyo petroli haiifanyi kitu ikishakomaa. Ila mvuke wake ni sumu ya mapafu kwelikweli. Barakoa ya kitambaa haitoshi, inatakiwa yenye vichujio vya kemikali, na kazi ifanyike nje.

Kava lililopasuka nililitoboa kitundu kidogo pale ufa unapoishia, usiendelee kutembea, kisha nikazamisha pini za chuma kwa moto upande wa ndani. Kutu ya kromu iliondoka kwa karatasi ya alumini iliyokunjwakunjwa na maji, sikuamini. Palipokuwa pameshachimbika pamebaki na vidoadoa.

Kwa kuwa mkono ulishakolea, nikapaka na fremu. Nikafunga kila kitu, nikabonyeza stata: tik. Nikabonyeza tena: tik. Taa zinawaka kali, honi inalia, betri bado mpya. Nilikaribia kununua relei ya stata, swichi inayoipelekea stata umeme wa betri. Bahati nzuri nikakumbuka kupima kwanza: ncha moja ya multimita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, huku nimebonyeza stata. Panatakiwa pawe chini ya nusu volti. Kwangu palisoma zaidi ya tatu. Umeme ulikuwa hauna njia nzuri ya kurudi, kwa sababu mimi mwenyewe, kwa brashi yangu, nilipaka rangi mahali waya wa ethi, ule wa kurudisha umeme kwenye hasi ya betri, unapofungwa kwenye fremu, nikaubana juu yake. Taa hula umeme kidogo, zinapenyeza. Stata inataka mkondo mkubwa, haikubali. Nikakwangua mpaka chuma king'ae, nikafunga, nikapaka grisi juu. Ikazunguka.

Kwenye makopo yangu, siki naipa alama zote, klia ya sehemu mbili vilevile, dawa ya kabureta nusu. Klia ya kopo ya kawaida itumieni kwenye madigadi, mbali na mdomo wa tangi. Betri nilikuwa naihitaji kweli, ingawa haikuwa jibu.

Juzi niliiacha siku tano bila kuigusa. Nilivuta choki, nikapiga kiki moja, ikawaka. Baada ya dakika moja nikarudisha choki, ikabaki inaunguruma. Kifuniko cha klachi bado kina mkwaruzo mrefu wa kuangushwa zamani. Msasa wa 2000 umebaki kwenye boksi, na sina haraka nao.